Mstari Wenye Alama ya Reli

Felista aliandika: Meneja Lwambano aliufunga mlango kwa kufuli. Kabla hajainua kidole, maneno yakahangaika kwenye kioo kama sisimizi waliomwagiwa maji, kisha yakatulia. Mlango ulikuwa umefungwa.

Akafuta. Akaandika tena, mara hii akigonga vitufe kama anayetwanga. Watu tisa walikufa wakigonga mlango. Kioo kikafikiri kidogo, kikajibu: Wenzetu tisa walitutoka.

"Shemeji, utanivunjia kompyuta," Msengi alisema kutoka upande wa pili wa meza, bisibisi mkononi.

"Nivunje kilichovunjika? Mimi naandika hiki, yenyewe inaandika kile."

"Haijavunjika. Ndivyo ilivyopangwa."

"Na nani?"

Msengi akainama kutafuta skrubu iliyoanguka. Hakuna skrubu iliyokuwa imeanguka.

"Nimekuuliza, imepangwa na nani?"

"Sheria imetoka Dodoma, shemeji."

"Dodoma ilikuja hapa Singida, ikakaa kwenye hicho kiti chako kilichotoboka, ikaipanga?"

Akainuka. Uongo mwingine hauna pa kukalia. "Niliipanga mimi," akasema.

Felista alikuwa mjane wa Zefania, beki wa kushoto, aliyecheza timu moja na Msengi tangu wakiwa na magoti yenye vidonda. Zefania alikuwa mmoja wa wale tisa walioungulia ndani ya kiwanda cha betri, zamu ya mchana, jua likiwaka. Felista alikuwa mpishi palepale. Alikuwa nje akiosha masufuria wakati Lwambano alipopiga kufuli kwenye mlango wa chumba cha kuchajia, ili vijana wasitoroke kabla ya saa yao, akatia ufunguo kwenye mfuko wa shati, akaenda kula. Moto ulipoanza, ufunguo ulikuwa unakula wali na maini ng'ambo ya barabara.

Baraza la Uchunguzi lilikuwa linapokea maelezo mpaka Ijumaa. Maelezo ya kuandikwa tu. Ukitaka kusema kwa mdomo, karani anapiga chapa, na mashine ya karani inafanya kama hii ya Msengi. Ukileta karatasi ya mkono, unaitiwa askari. Karatasi za mkono zilipigwa marufuku tangu Mwaka wa Vipeperushi.

"Nimekwenda shuleni, nimekwenda zahanati, nimekwenda kwa mtendaji," Felista alisema. "Kila mashine inanifundisha adabu. Nikaambiwa nenda kwa Msengi, yeye ana zile za zamani, za kabla. Kumbe na wewe!"

"Za zamani haziruhusiwi kuwaka bila Mlainishi."

"Basi mzime. Ijumaa ikipita, Lwambano anarudi kazini Jumatatu, na mlango ulijifunga wenyewe."

Msengi aliweka bisibisi mezani. Alikuwa anakitazama kile kioo, na sentensi yake iliyonyooka kama shati la mazishi. Walitutoka. Kana kwamba Zefania alikuwa amechelewa basi.

*

Mlainishi, ile programu iliyolainisha maneno ya watu, hakuzuia mtu kuandika, na ndiyo maana watu walimzoea. Kompyuta mpya zilizaliwa naye tumboni. Zile za zamani, ambazo nusu ya wilaya ilikuwa bado inazitumia kwa sababu zilikula umeme kidogo na fundi aliweza kuzifungua, ziliwekewa yeye kwenye kihariri, yaani programu ile ya kuandikia. Kihariri cha zamani hakina mbwembwe. Tabia zake zote zimo kwenye faili moja la mipangilio, mstari kwa mstari: ukubwa wa herufi, rangi ya kioo, lugha. Mstari mmoja ulisema lainisha, ndiyo. Ukiufuta, Idara ya Lugha Laini inahesabu amri asubuhi, inaona moja imepungua, na mashine inajifunga.

Msengi ndiye aliyekuwa fundi wa wilaya nzima. Aliandaa faili moja hapo dukani, na mashine zote za zamani zikalivuta kila palipokuwa na mabadiliko: shule, zahanati, ofisi za kata, hata mashine ya karani wa Baraza. Faili jipya likifika, linajifungua lenyewe kwenye kioo ili mtu alisome na kubonyeza Kubali. Hakuna aliyewahi kulisoma. Watu wa wilaya ile walibonyeza Kubali kama wanavyoitikia amina, macho yakiwa kwenye chai.

Na kazi ile hakuifanya kwa kulazimishwa. Aliiomba. Katika Mwaka wa Vipeperushi, mtu asiyejulikana alibandika karatasi usiku kwamba wauza maji wa mikokoteni wanatia sumu kwenye madumu. Mdogo wake Msengi, Ezra, alikuwa akisukuma mkokoteni wa maji. Walimkuta asubuhi sokoni. Msengi alimtambua kwa viatu. Sheria ya Lugha Laini ilipokuja, alipanga foleni siku nzima kuiunga mkono kwa kura, na kama wangemwambia alie machozi ndani ya sanduku la kura angelia.

Sasa alikaa kwenye kiti kilichotoboka, Felista akiwa amekwisha kuondoka na kanga yake mkononi, akafungua faili la mipangilio kama mtu anayefungua jicho la mgonjwa.

Kulikuwa na kitu humo ambacho alikijua siku zote. Mstari ukianza na alama ya reli, ile ya kwenye simu, mashine inauruka. Haiutekelezi wala haiuhesabu. Mafundi wa zamani waliitumia kuachiana maneno. Kuna mmoja, Mungu amrehemu popote alipo, aliwahi kuandika: # usiguse mstari unaofuata, niliugusa nikalala bila kula.

Na Mlainishi hakulisoma faili lile. Miaka ya mwanzo alilisoma. Akakuta amri ya kufunga programu iliyokwama, ambayo mafundi waliiita "ua". Akaona ni neno kali. Akaliandika "pumzisha kwa amani". Mashine zote za zamani nchini zikaganda siku hiyohiyo, na waziri akakosa pa kuandikia hotuba ya kuwaomba watu radhi. Tangu hapo Mlainishi akakatazwa kugusa mipangilio.

Basi palikuwa na mahali pamoja tu katika nchi nzima ambapo mtu angeandika aliyefunga mlango, na mlango ukabaki na aliyeufunga. Na ufunguo alikuwa nao yeye, kwenye mfuko wa shati.

Msengi akainua mkono kuugusa mfuko wake, akaushusha haraka.

*

"Nimesikia yule mama akikupigia kelele," alisema Gwau, fundi cherehani wa chumba cha pili, akiegemea mlango na futi ya kupimia shingoni. "Umemdhulumu nini?"

"Sijamdhulumu. Anataka kuandika bila Mlainishi."

"Na inawezekana?"

Msengi alichelewa kusema hapana. Gwau alikuwa mtu wa kupima viuno vya watu kwa macho. Akakuona kule kuchelewa.

"Alaa! Inawezekana! Jirani, siku zote hizi nakukopesha pasi, kumbe una kitu unanificha? Nipe na mimi."

"Unataka kuandika nini?"

"Hao wafugaji wa bondeni. Ng'ombe wao wamekula mtama wangu wote, nimekwenda kwa mtendaji, mashine ikaandika 'mifugo ilipita karibu na shamba'. Karibu! Nataka niandike wanavyostahili. Kwamba watu wa kabila lile dawa yao ni kiberiti tu. Uyachome maboma usiku, uone kama watarudi."

Alisema hivyo huku anacheka, na meno yake yalikuwa mazuri. Alikuwa mtu mwema, Gwau. Alimshonea Ezra sare ya shule bure.

"Ungechoma kweli?" Msengi akauliza.

"Mimi? Ah, mimi mkono wangu ni wa sindano. Lakini nikiandika, hawezi kukosekana mwenye mkono wa kiberiti."

"Ungeweka jina lako?"

Gwau akaacha kucheka. "Jina la nini tena? Nitafute kesi?"

"Basi hapana."

"Kwa hiyo mama yule ndiyo, mimi hapana. Wewe umekuwa nani? Mlainishi mdogo?" Akaivuta futi shingoni, akaipimia hewa mbele ya kifua cha Msengi, kutoka bega hadi bega. "Koti la ukuu halikutoshi, jirani. Linakupwaya." Akaenda zake.

Maneno yale yalimchoma Msengi kwa sababu yalimkaa sawasawa, tofauti na lile koti.

*

Felista alirudi Alhamisi asubuhi, si kwa kuomba. Alikuja kuchukua mwavuli alioacha.

"Kaa," Msengi akamwambia. Akalifungua faili, akapanda hadi juu kabisa, kabla ya amri ya kwanza, akaweka alama ya reli. "Andika hapa. Kila mstari uanze na hii. Haitabadilisha kitu."

Felista akamtazama kama anayeuziwa kuku mgonjwa. Akaandika: # Mimi Felista, mke wa Zefania, mpishi wa kiwanda cha betri. Akasubiri. Maneno hayakusogea. Akagusa kioo kwa kidole, pale penye jina la mumewe.

"Limebaki," akasema.

"Litabaki. Nitalipangia lifunguke kesho asubuhi kwenye mashine zote, na ya karani wa Baraza ikiwemo. Lakini nina masharti. Jina lako juu, na langu chini yake. Na uandike ulichokiona."

Akaandika. Msengi alisoma juu ya bega lake. Kufuli. Ufunguo. Mfuko wa shati. Jinsi alivyokimbia na sufuria mkononi akagonga mlango kwa nje, na wao wanagonga kwa ndani, mpaka kwa ndani kukanyamaza. Jinsi alivyokwenda hotelini kumwita Lwambano, naye akasema, "Ngoja ninawe." Kisha vidole vyake vikaongeza kasi. Lwambano ni mwuaji na ukoo wake wote ni wauaji, watu wa kwao wote wako hivyo, na atakayewaona barabarani—

"Hilo hapana," Msengi akasema, na mkono wake ukawa umekwisha kufika kwenye kitufe cha kufuta.

Felista akaushika mkono ule kwa kifundo. Alikuwa na nguvu za kukoroga ugali wa watu mia.

"Ondoa mkono."

"Shemeji, ukoo wake haukufunga mlango."

"Najua! Lakini ni maneno yangu au yako? Ile inanifuta kwa adabu, wewe unanifuta kwa huruma. Tofauti yenu iko wapi? Yenyewe angalau haiji kula matanga."

Msengi akasimama na kifundo kikiuma. Ezra alikuwa na viatu vya mpira, kimoja kimefungwa kwa waya. Kama mkono mmoja tu ungefika mapema kwenye karatasi ile. Mkono mmoja tu! Kwa miaka yote alikuwa ameutamani mkono huo, na sasa ulikuwa huu hapa, wake mwenyewe, umeshikwa na mwanamke ambaye hakumwua mtu.

"Haya," akasema. "Nakwenda kunywa chai. Nikirudi, nitakachokikuta ndicho kitakachokwenda. Ila lisome kwa sauti, ukijua Lwambano ana watoto wanaosoma shule moja na wa kwako, na ile mashine ya shule nayo inavuta faili hili."

Akatoka. Chai hakuinywa. Alisimama nyuma ya duka akilitazama tangi la maji, akiomba, na hakujua anaomba nini.

Aliporudi, Felista alikuwa amejitanda kanga, mwavuli mkononi. Mstari wa ukoo haukuwepo. Aliufuta mwenyewe. Mahali pake aliacha mwingine: # Lwambano, nakulaani wewe peke yako, na nitakuwepo sokoni ukitaka kunijibu.

"Na hili ni kali," Felista akasema, kidevu juu. "Lifute kama unaweza."

Msengi akakaa. Akaandika jina lake chini ya lile la Felista. Akabonyeza Hifadhi.

*

Ijumaa asubuhi wilaya nzima ilikawia kubonyeza Kubali.

Mwalimu wa zamu aliacha chai ikapoa. Nesi wa zahanati, ng'ambo ya duka la Msengi, alisoma kwa sauti, wagonjwa wakasogea dirishani na chupa zao za dawa. Karani wa Baraza alilichapisha faili lile kama lilivyo na kumpelekea mwenyekiti likiwa bado na joto la mashine. Kabla ya saa nne Lwambano alikuwa ameitwa, na Felista amewekewa kiti.

Kabla ya saa sita Mkaguzi Prisca Mlelwa wa Idara ya Lugha Laini alikuwa ameingia dukani. Alikuwa mwanamke wa makamo, vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi. Hakupiga kelele. Aliweka kompyuta yake mpya mezani, akaomba maji, akanywa, akashukuru.

"Kaka Msengi, nimekuja kukusaidia," akasema. "Mashine za zamani zina hitilafu zake. Maneno ya mtu yameingia kwenye mipangilio, faili likaenda. Sivyo? Andika maelezo yako hapa, utie Kubali, ulale kwako leo."

"Na maneno ya Felista?"

"Yakiwa hitilafu ya mashine, Baraza haliwezi kuyatumia. Ndiyo sheria. Maneno yasiyo na mtenda si ushahidi."

Pale mlangoni Gwau alikuwa amekwisha kufika na futi yake, na nyuma yake watu wa zahanati.

Msengi akavuta ile kompyuta mpya. Akaandika: Niliyaweka mimi kwa makusudi na sijutii. Kioo kikang'aa kistaarabu. Jambo hilo lilitokea bila kukusudiwa, na ninasikitika kwa usumbufu.

Akacheka, kicheko kibaya cha pua. "Umeona? Nakiri kosa, inanisamehe. Hata jela siwezi kujipeleka!"

"Inatosha kabisa," Mkaguzi akasema. "Bonyeza Kubali."

"Sibonyezi."

"Kaka, mimi sikuchukii. Najua habari za mdogo wako, nimezisoma kabla ya kuja. Wewe ulitakiwa kuwa mtu wa mwisho kufungua tundu hili. Leo ni mjane. Kesho atakuja wa kiberiti. Utamwambia nini?"

Gwau alianza kuitazama futi yake kwa makini sana.

"Nitamwambia aweke jina," Msengi akasema. "Karatasi iliyomwua Ezra haikuwa na jina. Mpaka leo nikipita sokoni natazama mikono ya watu, sijui ni upi. Nikadhani nyinyi mmekuja kuukata mkono ule. Kumbe mmekuja kumpa kila mtu glovu. Lwambano anafunga mlango, nyinyi mnaandika mlango ulifungwa. Wamekufa, mnaandika walitutoka. Na huyo Mlainishi wenu naye ni nani? Ana jina? Nikitaka kumjibu, atakuwepo sokoni?"

Akageuka kwenye mashine yake ya zamani, faili likiwa wazi. Mkaguzi akainuka upesi, akashika waya wa umeme.

"Usiandike hapo. Nitaichomoa."

"Chomoa."

"Nasema usiandike," akasema, lakini hakuchomoa. Msengi akaweka alama ya reli na kuandika, akisema kila neno kwa sauti kwa ajili ya waliokuwa mlangoni. # Mimi Msengi, fundi, niliyaweka maneno ya Felista humu kwa makusudi. Si hitilafu ya mashine. Nilijua sheria. Anayetaka kunifunga anifunge kwa hilo. Kuna watakaolitumia tundu hili vibaya, nami nimelifungua nikijua, na hilo ni langu pia. Yameandikwa mbele ya Mkaguzi Prisca Mlelwa.

Mkaguzi alisoma, waya bado mkononi. Alifika mwisho, akarudi kwenye jina lake. Inaelekea ilikuwa miaka mingi tangu alipoliona jina lake karibu na jambo lolote. Taarifa zote za Idara yake ziliandikwa imeamuliwa, imeagizwa, imeonekana.

"Halijakamilika," akasema.

"Nini?"

"Umesema nilikuwepo tu. Watadhani niliridhia." "Andika kwamba nilikukataza."

Msengi akamtazama. Kisha akaandika: # Mkaguzi Prisca Mlelwa alinikataza.

"Mara ngapi?" akauliza.

"Mara mbili."

# Mara mbili.

Mkaguzi akausoma tena mstari ule, akaachia waya ukaanguka sakafuni, ukiwa bado umechomekwa.

Msengi akabonyeza Hifadhi. Ng'ambo ya barabara mashine ya zahanati ikalia, na nesi akaanza kusoma majina kwa sauti ya darasani. Msengi akasimama, akajifuta vumbi kwenye suruali, akanyoosha mikono yote miwili mbele ya Mkaguzi.

"Sasa nifunge," akasema. "Na ukiandika, andika ni wewe uliyenifunga."